Picha Chini ya Mlango

Saa saba za usiku Mama Émérence alikuwa ameketi jikoni juu ya kigoda, simu mapajani, mlango ameurudishia ili mwanga usimfikie mumewe chumbani. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na chaji ilibaki kidogo, kwa hiyo alijiwekea sheria. Ataimba wimbo mmoja wa kanisa kimoyomoyo, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo awashe simu na kutazama. Aliimba, akawasha. Hakuna ujumbe. Akazima, akaanza wimbo mwingine.

Saa ile, upande wa pili wa dunia, jua lilikuwa limetua punde tu na binti yake Glodie alikuwa anaingia baharini.

Glodie alikuwa na miaka ishirini na saba. Alisomea mambo ya samaki kule Lubumbashi, kisha akapelekwa Ubelgiji kwa mafunzo ya miezi mitatu. Mwalimu wake huko, mama mmoja mzee aliyeitwa Michelle, alikuwa na kawaida ya kwenda kila mwaka kwenye likizo katika kisiwa cha Bonaire, bahari ya Karibi, kuzama na kupiga picha za samaki chini ya maji. Mwaka huu mwenzake wa kuzama alivunjika mguu, na kwa kuwa mtu hazami peke yake, akamchukua Glodie. Kwa siku sita mfululizo Glodie alikuwa anamtumia mama yake picha: kasa mwenye uso wa bibi aliyekasirika, matumbawe yenye matawi kama pembe za swala, pweza aliyejikunja ndani ya tundu hadi limebaki jicho. Kisha siku ya saba akaandika: "Mama, leo tunazama usiku, tuone samaki wanavyolala. Ni saa moja tu. Nikitoka nitakuandikia."

Saa moja ilipita. Ya pili nayo ikapita.

Kabongo, mumewe, hakujua lolote. Yeye alijua mtoto yuko Ubelgiji, darasani, mbele ya daftari. Émérence ndiye aliyemficha, na alikuwa na sababu. Miaka kumi na tisa iliyopita mdogo wake Kabongo, Urbain, alizama katika ziwa la Mwadingusha, mtumbwi ulipopinduka. Walimtafuta siku nne na hawakumpata. Watu walisema amechukuliwa na mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, anayewapa watu mali na kudai roho ya ndugu yao. Wakati ule sebuleni mwao mlitundikwa picha ya mamba muntu, kama katika nyumba nyingi za Likasi, mji wao, siku zile: mwanamke mweupe juu ya mwamba, mkia umelala majini, nyoka begani, saa ya kifahari mkononi. Kabongo aliivunja fremu kwa mguu na kuichoma uani. Tangu hapo hakukanyaga ziwa tena. Maji aliyoyakubali yalikuwa ya ndoo na ya kikombe.

Saa tisa Émérence aliacha kuimba, akapiga magoti penye jiko baridi.

"Bwana," alisema kwa sauti ya chini, "umutoe mutoto yangu mu ile maji. Ukimutoa, nitatoa ushuhuda mbele ya bantu bote. Sitaficha tena."

Alipoinuka aliwasha simu. Hakuna kitu.

Ujumbe uliingia alfajiri, majogoo wa Philomène, jirani yake, wakiwa wameshaanza kelele. "Mama samahani! Tulitoka salama zamani. Simu ilizimika, chaji ilikwisha, nikalala nikiingoja." Chini yake zilikuwapo picha tatu. Ya kwanza ni samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, amelala ndani ya mfuko mwepesi wa ute alioutoa mwenyewe kinywani, kama mtu aliyejifunga chandarua. Ya pili ni samaki huyohuyo mchana, anang'ata jiwe, na nyuma yake unamwagika unga mweupe. Ya tatu alikuwa Glodie mwenyewe, amepigwa picha na Michelle.

Émérence alilia, akafuta macho kwa kitenge, kisha akafanya alichoahidi. Nadhiri si kitu cha kulalia. Alifungua kundi la maombi la familia, lenye watu arobaini na tatu kuanzia Likasi hadi Kolwezi, akaichagua picha ya tatu kwa sababu ndiyo yenye mtoto wake, akaandika kwa kidole kimoja: "Bwana asifiwe! Usiku muzima niliomba. Glodie alizama na ametoka. Mungu ni mwema." Akatuma, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda sokoni.

Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na miwili aliuza samaki wabichi na wakavu, na aliweza kumjua samaki aliyeanza kuoza akiwa hatua tatu mbali, kwa rangi ya mashavu tu. Hakuna kilichompita. Lakini asubuhi ile furaha ilimfumba macho, na picha ile hakuitazama vizuri.

Philomène, aliyeuza kwenye meza ya jirani, ndiye aliyemfikia kwanza, akihema.

"Mama Glodie, simu yako iko wapi?"

"Imezima. Kuna nini?"

"Kuna nini! Kundi inawaka moto na weye uko hapa unapanga kambale." Akamwekea simu yake mbele ya uso. "Angalia muzuri. Si kama mama. Angalia kama muntu mwingine."

Émérence akaangalia. Picha ilipigwa kutoka chini, taa ikiwa nyuma ya Glodie. Uso ulifichwa na miwani ya maji. Nywele zake, za kusuka, zilitawanyika juu kama moshi. Miguu ilikuwa imebanana pamoja ndani ya vazi jeusi la mpira, na mwisho wake mapezi mawili marefu yalishikana yakawa mkia mmoja. Na mkononi, kubwa, inang'aa, saa.

"Mungu wangu," alisema.

"Ngoja umusikie shemeji yako."

Shemeji huyo alikuwa Franck, ndugu wa mwisho wa Kabongo, mtu asiyekosa la kusema hata msibani. Sauti yake ilitoka simuni, na wauza chumvi wa meza ya pili wakageuka. "Ndugu zangu, mujionee benyewe. Nywele iko. Mukia iko. Saa ku mukono iko. Inabaki nini? Inabaki nyoka tu! Na mama yake anasema asante. Urbain alienda wapi? Leo tumejua."

"Ile njo saa ya kupima hewa!" Émérence alisema, kana kwamba Franck angesikia. "Inamuambia dakika ya kutoka. Aliniambia."

"Minye najua," Philomène alisema. "Lakini miaka yote ile tuliweka ile picha ku ukuta. Macho yetu ilishazoea. Hata minye, sekunde moja, niliamini."

Jioni Kabongo alirudi kutoka Kakontwe, ambako kwa miaka thelathini alivunja mawe ya chokaa, vumbi jeupe kwenye nyusi kama mzee wa miaka mia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Émérence. Aliosha mikono, akaitoa ukutani picha ya Glodie ya siku ya diploma, akailaza kifudifudi juu ya kabati.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, Papa Glodie."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Pale nilikosea. Lakini mutoto hakukosea."

"Ule muntu ya mu picha haingii mu nyumba yangu. Akikuja, mulango utakuwa umefungwa. Nimemaliza."

Alikuwa amemaliza kweli. Siku kumi na mbili zilizofuata alikula, alilala, alikwenda kazini, na kila Émérence alipolitaja jina la binti yao alitoka nje kutazama mawingu ambayo majira yale ya ukavu hayakuwapo.

Émérence hakubishana. Alifikiri. Akipanga samaki alifikiri, akifagia alifikiri, na alichokitaka kilikuwa kimoja tu: mlango wa nyumba yake umfungukie mtoto wake.

Glodie alifika Ijumaa jioni kwa basi kutoka Lubumbashi, mwembamba, mweusi zaidi kwa jua, amebeba mfuko mrefu mgongoni. Émérence alimpokea stendi, akamweleza yote njiani. Glodie alicheka kwanza, halafu alipouona uso wa mama yake akaacha.

Mlango ulikuwa umefungwa, komeo la chuma limeshushwa kwa ndani. Taa iliwaka.

"Papa," Glodie aliita, "ni minye."

Aligonga tena.

"Papa, yale ni mapezi ya mpira. Yanavaliwa kama viatu. Niko nayo hapa mu mufuko, nikuonyeshe."

"Mwambie ile ya jiwe," Émérence alimnong'oneza.

"Papa, kuna samaki kule anatafuna jiwe kutwa nzima na anatoa mchanga mweupe. Anafanya kazi yako!"

"Bila mushahara," Émérence aliongeza.

Sauti ikatoka ndani. "Hata minye nilishafanya miezi mingi bila mushahara, na sikuota mukia."

Glodie karibu acheke. "Papa, sikia. Hata jiwe la Kakontwe, zamani sana, kabla ya bantu, lilikuwa chini ya bahari. Unavunja sakafu ya bahari kila siku na nyundo yako."

Kabongo alikohoa ndani. Kisha: "Bahari, Likasi? Sasa njo nimeamini wamekuharibu kabisa." Na taa ikazimwa.

Émérence aliuvuta mkeka uliokuwa chini ya dirisha. "Papa Glodie," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi, "mutoto yangu akilala inje, minye pia nalala inje."

Hawakulala nje, kwa sababu Philomène alikuja kuwachukua akiwa na kanga begani na matusi mdomoni, kwa mzee yule anayewafungia wanawake nje kwenye baridi ya mwezi wa saba. Lakini Émérence hakurudi kwake usiku ule, na mumewe alijua.

Katika kitanda cha Philomène, Glodie alisema: "Mama, kazi yangu inaanza Jumatatu, Lubumbashi. Kama hafungui, nitaenda. Na sitaweza kurudi tena hapa kusimama ku mulango kama mwizi."

Émérence alikaa akitazama dari. "Kesho asubuhi tunaenda Mwadingusha," alisema. "Ubebe mufuko yako yote."

Kila wiki alikwenda huko kununua samaki, juu ya mizigo ya gari dogo, na kila wiki alisimama ukingoni, miguu mikavu, na kuwaacha wavuvi wamletee. Maji hayakuwahi kumfikia vifundo. Hivyo Samy, mvuvi aliyemuuzia miaka yote, alipomwona anafunga kitenge magotini na kuketi mchangani ili binti yake amvalishe yale mapezi, aliuweka wavu chini.

"Mama Glodie! Leo umechoka na wale tunakuletea? Unaenda kuchagua mwenyewe?"

"Nyamaza na kasia yako, Samy. Simama pale juu ya jiwe, uangalie mamba."

"Mamba ya kweli ao mamba muntu?"

"Wote wawili. Ukiona mumoja, piga kelele."

Walichagua kijimkono cha ziwa ambako kijito kinaingia na maji ni maangavu. Glodie alimfunga miwani usoni, akamwekea mrija wa kupumulia kinywani. Émérence aliingia kinyumenyume, kama alivyoelekezwa, akijikwaa, akimshika binti yake mkono kwa nguvu za mtu anayening'inia. Maji yalimfika kiunoni. Aliinama, akaingiza uso, akavuta maji badala ya hewa, akainuka anakohoa, machozi yanamtoka.

"Inatosha, mama. Tutoke."

"Nani amesema tutoke?"

Mara ya pili alisikia pumzi yake mwenyewe, kubwa, kama mvukuto wa mhunzi. Mara ya tatu alifumbua macho.

Aliona mchanga. Aliona majani yanayoyumba, na mapezi yake mwenyewe, mekundu, ya kuchekesha. Kisha, karibu na jiwe, aliona tilapia jike, wa saizi ambayo angeiuza bila kubembeleza mteja. Mbele yake kulikuwa na wingu la vitu vidogo kama punje za ulezi, na kila punje ilikuwa na macho. Kivuli cha Émérence kilipowaangukia, yule mama alifungua kinywa, na wingu lote likaingia. Kinywa kikafungwa.

Émérence alikijua kinywa kile. Miaka ishirini na miwili, akipasua samaki, alikuta watoto ndani yake, na kila mara aliwaambia wateja: huyu alikuwa mbaya, alikula watoto yake. Alitulia. Glodie alikuwa amemwambia, ukitulia wanakusahau. Akatulia hadi vidole vikawa baridi. Kinywa kikafunguka, na wale watoto wakatoka, mmoja, kumi, wote, wakatawanyika juu ya mchanga kama watoto waliotoka shule.

Alipoinua kichwa alikuwa analia ndani ya miwani. "Nilimusingizia," alisema, na Samy juu ya jiwe hakuelewa kitu.

"Sasa unipige picha," alimwambia Glodie. "Chini ya maji. Miguu ionekane, hasa huu wa kushoto. Na unipe ile saa."

Saa kumi na moja jioni walikuwa katika studio ya picha karibu na soko. Kijana wa studio alipoitazama akauliza kama wanataka ipakwe rangi. "Usiguse kitu," Émérence alisema. "Toa kubwa."

Giza lilikuwa linaingia walipofika nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa kama jana. Émérence alibisha mara mbili.

"Papa Glodie, sikuja kuongea. Niko na picha moja tu. Angalia, halafu ulale."

Akaisukuma chini ya mlango. Ilikwama kwenye ukingo wa saruji, akaisukuma tena kwa kidole, ikaingia.

Walisikia kiti. Walisikia nyayo, kisha karatasi ikiokotwa. Picha ilionyesha mwanamke mnene aliyelala juu ya maji, kitambaa cha kichwa kimefunguka na kuelea, mikono imetanuka kwa woga, saa kubwa mkononi, mkia mwekundu wa mapezi mawili. Na kwenye muundi wa kushoto, juu kidogo ya pezi, lilionekana kovu lenye umbo la jani. Lilitokana na mafuta ya moto, mwaka ambao Glodie alizaliwa. Kabongo ndiye aliyembeba mkewe mgongoni hadi hospitali, na kwa miezi miwili ndiye aliyelisafisha kila jioni.

"Huu muguu," sauti ilisema nyuma ya mlango.

"Ni wangu."

"Uliingia mu maji."

"Niliingia. Ku Mwadingusha."

"Weye hujui kuogelea!"

"Sijui."

Kitu kiliegemea mlango kwa ndani, kizito, kama bega. Sauti ilipotoka tena ilitoka chini zaidi, karibu na sakafu.

"Urbain alijua kuogelea, Émérence. Alijua kunipita minye. Siku ine nilikaa pale pa mayi. Siku ine. Haikumurudisha."

Ni miaka mingi hakuwa amemwita kwa jina lake. Wala hakuwa amesema habari za zile siku nne, si kanisani, si kitandani. Glodie aliziba mdomo kwa mkono. Émérence alipiga magoti kwenye kizingiti, mdomo wake ukawa sawa na mahali ilipotoka sauti.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakuletea chakula na ulikuwa unairudisha. Najua. Lakini minye imenirudisha, Papa Glodie. Mutoto wako pia imemurudisha. Tuko hapa wawili, miguu yetu imekauka. Kama haiko vile, fungua uguse."

Akavua viatu. Akamwashiria Glodie naye avue.

Komeo lilipanda kwa shida, chuma juu ya chuma. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono, na mkono ulitoka, chini, ukipapasa gizani, chokaa bado nyeupe katika mikunjo ya vidole. Uligusa mguu wa Émérence, ukalipata kovu, ukatulia juu yake. Kisha ukahamia kwa Glodie. Ukapapasa kidole gumba, kinachofuata, kinachofuata, hadi kile kidogo cha mwisho, kama vile alivyofanya asubuhi ile mtoto huyo alipozaliwa, alipokuwa hataki kuamini kwamba vidole vyote vimetimia.

Halafu Kabongo akasimama, akaufungua mlango wote.